Kumpigia Mama Mkwe Kelele

Mimi ni mtu wa juu. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndiyo kazi yangu. Kwa miaka mingi nimepanda miti ya Voi na kupogoa matawi yanayotaka kulala kwenye nyaya za umeme, juu ya mapaa ya shule, na kwenye maegesho ya hoteli ambako wageni huacha magari yao. Nikiwa chini mimi ni mtu wa kawaida, tena mwepesi wa hasira, kama mke wangu atakavyokuthibitishia bila kuombwa. Nikiwa juu nakuwa mpole. Kuna upepo, mji wote uko chini ya buti zangu, na hakuna anayeniuliza kitu.

Kwa hiyo asubuhi ile msimamizi wetu alipotukusanya kando ya lori na kutuambia kwamba sasa kampuni inataka kila mpandaji awe na cheti, nilimsikiliza kwa sikio moja. Maagizo ya ofisini huja na kupita. Lakini akaongeza kwamba mvua za vuli zikianza, asiye na cheti hatapanda tena. Atabaki chini kukusanya matawi na kuyapakia kwenye lori.

Hapo nikamsikiliza kwa masikio yote mawili. Kukusanya matawi si kazi mbaya, mwenyewe nilianzia huko. Lakini nimeshapita miaka arobaini, na kule kufikiria tu kwamba nitasimama chini, shingo nimeikunja, nikiwatazama vijana wakipanda miti ninayoijua kila tawi, kulinitia huzuni ya kweli. Nilitaka kulia. Badala yake nikamgombeza aliyekuwa karibu nami kwa kukanyaga kamba.

Mtihani ulikuwa na sehemu mbili: moja ya kuandika, kwa Kiingereza, na nyingine ya vitendo, wewe ukiwa juu ya mti na mtahini akikutazama kutoka chini. Niliogopa ile ya kuandika. Kalamu na mimi tuliachana zamani bila ugomvi, na sikutegemea turudiane uzeeni.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Yeye ni fundi wa kushona, ana kibanda chake karibu na soko, na nilikuwa nikitoka kazini naenda kuketi kwenye kigoda kando ya cherehani yake na kitabu cha kujiandalia mtihani, cha kufotokopi. Alinisomea maswali huku pini ziko mdomoni, kwa hiyo nusu ya Kiingereza nilichojifunza kina pini ndani yake. Siku moja tukafika mahali kitabu kinaposema kwamba pale tawi linapoungana na shina pana sehemu iliyovimba kidogo, inayoitwa kola. Ukipogoa usiiguse kola. Kata nje yake, kwa sababu hiyo ndiyo inayofunga kidonda. Miaka yote hiyo mkono wangu ulikuwa ukisimama papo hapo wenyewe. Sikujua tu kwamba mahali hapo pana jina.

Mke wangu akatoa pini mdomoni. "Kola hiyo naijua mimi," akasema. "Ukikata shati ukaingia ndani ya kola, hilo shati limekwisha. Utafutia meza."

"Na mti je?"

"Na mti hivyo hivyo. Andika."

Nikaandika. Siku ya mtihani swali la kola lilitoka, na naamini mimi ndiye mtahiniwa pekee aliyelijibu kwa mfano wa shati. Lilitoka pia swali la mti kukatwa kichwa, jambo ambalo watu wetu wa Voi wanalipenda mno. Mtu anakuita, anakuonyesha mti mzima wenye afya, anakwambia, "Huu nitolee kipara." Nilikuwa nimegombana na wateja kuhusu kipara kwa miaka, na kwenye karatasi ile nikamaliza ugomvi wote. Ilibidi niombe karatasi ya ziada. Majibu yalipokuja nilikuwa nimepita, si kwa mbwembwe, lakini nimepita.

Sasa ikabaki ya vitendo, na hiyo niliiona mteremko. Kupanda ndiyo maisha yangu. Kisha msimamizi akatusomea masharti.

Sisi kazini tulikuwa na mazoea yetu. Aliye juu anapiga mluzi, walio chini wanainua macho, tawi linashuka, basi. Kwenye mtihani mluzi hauhesabiwi. Kabla ya tawi lolote kushuka, aliye juu lazima apaze sauti: "Tokeni chini!" Kisha anangoja. Aliye chini anahakikisha hakuna mtu, halafu anajibu kwa sauti: "Chini kuko wazi!" Msumeno hauguswi mpaka jibu hilo lisikike. Na kama baada ya jibu mtu anaingia chini ya tawi, unasimama na kumwondoa kwa sauti, hapo hapo.

"Awe nani," alisema msimamizi. "Hata akiwa gavana."

Akatutaka tujaribu mmoja mmoja, naye mwenyewe akajisimamisha chini ya tawi. Vijana walipanda wakabweka kama waliozaliwa kwa kazi hiyo. Zamu yangu ilipofika nikamtazama pale chini, mtu mzima, upara wake unang'aa, na nikajisikia nikisema, "Mzee, samahani kidogo."

Walicheka mpaka mmoja akashika gurudumu la lori. Msimamizi alisema hiyo ni sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Naomba nieleweke. Kwa watu wa rika langu nina sauti ya kutosha, na waliokanyaga kamba zangu ni mashahidi. Lakini nilikulia Werugha, kule milimani, na kwetu mtoto akimwambia mtu mzima "toka", anayetoka ni mtoto. Hilo halikuniingia kwa maneno. Liliingia kwa mkono wa bibi yangu, na halijatoka hadi leo. Msimamizi akanivuta pembeni akaniambia, bila utani, kwamba mtahini anayekuja ni mzee sana, na kwamba ana tabia ya kuingia chini ya tawi makusudi, mikono nyuma, kama anayetafuta funguo alizopoteza. Ukimbembeleza, umeanguka.

Katika kazi yangu neno kuanguka lina maana mbili, na mpaka siku ile nilikuwa nikiogopa moja tu.

Nikaamua kufanya mazoezi. Shida ya kwanza ilikuwa mti. Nyumba tunayopanga ina mpapai mmoja, na mpapai haupandwi na mtu mwenye akili. Mke wangu akasema, huku akikata uzi kwa meno, kwamba kwa mamake kuna mwarubaini mkubwa, na kuna tawi lake limelalia jikoni, na mama anataka lipunguzwe tangu mwaka jana.

"Kwa mamako siwezi," nikasema.

"Kwani kwa nini?"

Alijua kwa nini. Mke wangu ni Mkamba wa hapa hapa Voi. Wazazi wake walihamia zamani, yeye akazaliwa hapa. Na Wakamba wana neno lao, nthoni, ambalo ni aibu na heshima zikipikwa sufuria moja. Baina ya mwanamume na mama mkwe wake nthoni ni ukuta. Hamshikani mikono, hamketi pamoja, na mkikutana njiani mmoja wenu anakumbuka jambo la haraka upande wa pili wa barabara. Vijana wa siku hizi wameulegeza ukuta huo, wengine wanapiga selfi na mama wakwe zao. Mimi, kwa kuwa ni mtu wa kutoka milimani, sikutaka mtu aseme binti yao ameolewa na asiye na adabu, nikaushikilia ukuta kuliko wenyewe. Mama mkwe wangu ni mjane, mcheshi, mwanamke ambaye kanisani anawapanga watu kwenye viti kwa sauti inayofika barabarani. Lakini mimi nilikuwa nikisalimiana naye kupitia mlango, yeye ndani, mimi nje, macho yangu kwenye kuku.

"Hebu ona," akasema mke wangu. "Unahitaji mtu wa kuogopa. Mimi nakupa mtu wa kuogopa, tena bure. Ukiweza kumwambia mama atoke, huyo mzee wa mtihani atakuwa maji ya kunywa."

Nikakubali. Na vuli haikuwa mbali.

Nilipojiandaa kwenda kwa mama mkwe Jumamosi iliyofuata ikatokea shida nyingine ambayo hakuna kitabu kilichoitaja. Mkanda wa kupandia mti unapita kiunoni na kuzunguka mapaja, na ukishakazwa unavuta suruali juu na kuibana kila mahali. Mbele ya wenzangu wa kazi hakuna anayejali. Mbele ya mama mkwe ni msiba. Nikaenda na koti refu la mvua, lile ninalovaa nikienda Werugha wakati wa ukungu, nikalivaa juu ya kila kitu. Voi ilikuwa inachemka. Jirani mmoja aliuliza kutoka upande wa pili wa ua kama tumesikia habari za mvua.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba mama atabaki ndani, na kwa siku ya kwanza nizoee tu. Mke wangu akasimama chini badala ya wenzangu. Nikapanda, nikajifunga vizuri, nikachagua tawi dogo la pembeni, nikavuta pumzi. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka na chupa ya chai na vikombe, akaja moja kwa moja mpaka chini ya tawi, akatafuta mahali pazuri pa kuweka sinia.

Mke wangu akanitazama. Macho yake yalisema, haya sasa.

"Mama," nikaanza.

"Unasemaje, mwanangu?" Hakuinua uso, kwa heshima. Aliongea na sinia.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri tu. Watoto wanaendeleaje?"

"Hawajambo, mama."

"Na kule Werugha? Wazee?"

"Wako salama. Kuna baridi kidogo."

"Haya, Mungu ni mwema. Na ng'ombe yule wa mguu?"

"Alipona, mama."

Nilikuwa nimening'inia kwenye kamba, msumeno mkononi, jasho linaingia machoni, nikitoa ripoti ya ng'ombe. Mke wangu alikuwa ameshaketi chini, leso mdomoni, mabega yanatikisika. Mwishowe nikasema, "Mama, kama haitakusumbua, na ukipata nafasi, labda ungesogea kidogo upande wa tangi." Akasogea, akaniombea baraka, akarudi ndani. Chai ilikuwa imepoa nilipoteremka.

"Umeanguka," mke wangu akaniambia njiani. "Umeanguka na chai umekunywa."

Nikaona kwamba sauti yenyewe ndiyo inahitaji mazoezi, mbali na watu. Jioni nikawa natoka hadi pembezoni mwa mji, karibu na mashamba ya mkonge, nasimama peke yangu na kupiga kelele. "Tokeni chini! Tokeni!" Siku mbili tatu zilienda vizuri. Nilikuwa nimeanza kuipenda sauti yangu. Kisha jioni moja nikasikia makopo yakigongwa nyuma yangu, halafu sufuria, halafu mbwa wote wa mtaa ule, na watu wakatokea kwenye vichochoro na tochi na mabati. Hapa kwetu mtu akipiga kelele jioni karibu na mkonge, ana sababu moja tu.

"Wako wapi?" mwanamume mmoja akaniuliza, akihema. "Wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Ndovu!"

Nikawaeleza kwamba hakuna ndovu, kwamba najiandaa kwa mtihani. Mama mmoja aliyekuwa na mwiko mkononi aliniuliza ni mtihani wa nini, na nilipomwambia ni wa kupogoa miti alinitazama kwa huruma, akawaambia wenzake warudi tu nyumbani. Sikuenda tena huko.

Kwa hiyo tukarudi kwa mama mkwe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mimi na koti langu, mke wangu na kicheko chake. Nilipaza sauti kwa mke wangu bila taabu yoyote, na alijibu "Chini kuko wazi!" vizuri sana. Mama alibaki ndani, dirisha wazi. Mti ukawa unapendeza, mwepesi, hewa inapita. Lakini jambo lenyewe nilikuwa nalikwepa, na nilijua. Likabaki tawi kubwa, lile la jikoni, ambalo kwa nje lilionekana zima na kwa ndani, nilipoligonga, lilijibu kwa sauti ya ngoma.

Nilikuwa nimelifunga kamba na nimeanza kulikata kwa chini, baada ya kupaza sauti na kujibiwa kama inavyotakiwa. Ndipo mbuzi wa jirani akaingia langoni, na mke wangu akamkimbilia kumfukuza. Wakati huo huo mama mkwe akatokea nyuma ya jiko. Alikuwa ameanika ndengu kwenye gunia, na vumbi la mbao lilikuwa linaziangukia. Akainama pale pale chini ya tawi, akaanza kuvuta gunia.

Tawi likalia. Anayefanya kazi hii anaujua mlio huo. Halikunisubiri nimalize, lilikuwa linachanika lenyewe, na kamba yangu nilikuwa nimeifunga mahali palipooza.

"Toka hapo wewe! Toka!"

Hivyo ndivyo nilivyosema. Hapakuwa na mama ndani yake, wala tafadhali. Palikuwa na "wewe". Sauti ilitoka tumboni, kali, ya kufukuzia mbwa, na mama mkwe wangu akaacha gunia, akaacha kiatu kimoja, akakimbia kama msichana hadi nyuma ya tangi la maji. Tawi likaanguka juu ya gunia. Ndengu ziliruka hadi kwenye paa.

Nikalikumbatia shina. Nilikuwa na furaha ya ajabu kwamba yuko hai, na papo hapo nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuipata maishani. Nimemwita mama mkwe wangu "wewe". Nimemfukuza kwenye uwanja wake, mbele ya mbuzi wa watu. Kwa mara ya kwanza nilitamani kubaki juu kwa sababu mbaya. Mke wangu alisimama langoni, mkono kifuani.

Mara sauti ikatoka nyuma ya tangi, ile ile ya kupanga watu kanisani.

"Chini kuko wazi!"

Alikuwa ameisikia dirishani Jumamosi zote hizo. Mke wangu alicheka huku analia, na mimi huko juu vivyo hivyo. Nikamwambia mke wangu amwambie mama naomba radhi, nitalipa ndengu, nitafanya lolote linalotakiwa. Akaenda nyuma ya tangi, wakanong'ona, akarudi.

"Anasema umalize," akaniambia. "Bado kuna lile la upande wa choo."

Mtihani ukafanyika kwenye uwanja wa shule moja hapo mjini. Mtahini alikuwa kama alivyoelezwa: mzee mwembamba, tai shingoni kwenye jua lile, kofia ya usalama imekaa sawasawa. Wawili walionitangulia walipanda vizuri kuliko mimi. Wote wawili, mzee alipoingia chini ya tawi lao, walisema "Mzee", wakakohoa, wakasema "samahani". Niliwaonea huruma kwa sababu niliwajua walikolelewa.

Nikapanda. Nikafanya kila kitu taratibu, kamba, fundo, kulabu. Nikapaza sauti, nikajibiwa. Nikaweka msumeno nje ya kola, na hapo nikamwona anakuja, mikono nyuma, akitazama ardhi kana kwamba kuna kitu ameangusha.

Nilikuwa nimekusudia kusema yale maneno ya mtihani. Nakiri sikuyasema. Iliyotoka ni ile ile ya ndengu, yote, pamoja na "wewe" yake. Mzee akasimama. Akainua uso polepole, akanitazama kwa muda ambao ulinitosha kujiona nikipakia matawi kwenye lori hadi kustaafu. Kisha akatembea hadi nje ya alama zilizozunguka mti, tena kwa haraka kidogo, na akaandika kitu.

Alipotuita mmoja mmoja alinipa mkono. "Wewe ndiye uliyeniita 'wewe'," akasema.

"Ndiyo, mzee. Samahani, mzee."

"Wengi hunisalimia kwanza." Akaniambia nimepita, na kwamba fundo langu moja linahitaji kazi. Sikumbuki ni fundo gani. Nilienda nyuma ya madarasa nikaruka ruka peke yangu, na mkanda ukiwa bado mapajani.

Jioni hiyo nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda kwa mama mkwe kumpa habari na kuomba radhi kama inavyopasa, kwa sababu tangu siku ya tawi sikuwa nimesimama mlangoni pake. Nikasimama pale pa kawaida, nje, macho kwenye kuku. Nikasema nimepita. Nikasema pia kwamba yale maneno niliyomtolea yalinitoka tu, sikulelewa hivyo, na namwomba anisamehe.

Hakujibu kupitia mlango. Alitoka. Alikuwa na kigoda mkononi, akakiweka mbele yangu, akaketi, akaniangalia usoni. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kwa karibu. Ni macho ya mke wangu.

"Baba yake huyu," akaanza, na nilijua anamsema mumewe, "alikuwa fundi wa mawe. Unajua alikufaje?"

Nilijua alifia kazini, jiwe lilimwangukia, kabla sijamjua mke wangu. Sikuwahi kuuliza zaidi, si jambo la kuuliza. Nikasema hivyo.

"Waliokuwa juu ukutani ni vijana wake, aliwafundisha kazi mwenyewe. Jiwe lilianza kuteleza wakaliona. Wakamwita. 'Mzee, samahani, mzee.' Naye akasimama, akainua uso, awaulize wanasemaje." Akaondoa unyasi kwenye leso yake. "Ni vijana wazuri. Wana adabu sana. Kila Krismasi huja kuniona, na kila wakija hulia."

Kuku walikuwa wanaparura mahali gunia lilipokuwa, wakitafuta ndengu zilizobaki. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Wewe hukuniambia samahani," mama mkwe akasema. Akainuka, akachukua kigoda chake. "Basi samahani hiyo uliyoniletea leo rudi nayo, usije ukaizoea. Sukari iache."

Nikaiacha, na majani pia.